Maji Yakirudi Nyuma

Sauti zote za nchi ile zilipita katika chumba cha Luc Sikuli, isipokuwa moja.

Chumba chenyewe kilikuwa cha matofali ya kuchoma, kando ya barabara inayotoka Butembo kwenda kusini, kimebanwa kati ya karakana ya pikipiki na duka la mabati. Juu ya paa waya wa shaba ulivutwa kutoka mkaratusi mmoja hadi mwingine. Chini yake, juu ya meza iliyoelekea ukuta, ilikaa foni: redio ya kusema na kusikia, nzito kama jiwe la kusagia, inayokula moto wa betri ya gari. Simu za mkononi zilishika mjini, lakini ukitoka mjini hazikushika kitu, na barabara zilikatwa na vita mara nyingi hata watu wakaacha kuzitegemea. Kwa hiyo aliyetaka kujua kama dada yake amejifungua salama Kirumba, au kama lori la maharagwe limevuka Lubero, alikuja kwa Luc, akaketi kwenye benchi, akangoja zamu yake.

"Kirumba, Kirumba, Butembo anaita. À toi."

Ukisema "à toi" umemwachia mwenzako zamu ya kusema. Luc aliachia kitufe cha mikro, na mvumo wa hewani ukajaa chumba, kama mafuta yanayokaanga nyumba ya tatu, mpaka sauti ya Zorobabel, mwenye foni wa Kirumba, ikachomoza ndani yake.

Foni haina siri. Anayesema anasikiwa na benchi zima la huku na benchi zima la kule, na kila mwenye mashine aliyejitega kwenye masafa yaleyale. Watu walikuwa wamejifunza kuombana msamaha mbele ya watu, kuposana mbele ya watu, kulia mbele ya watu. Neno moja tu halikutamkwa: askari. Mwenye foni mmoja wa barabara ileile alikuwa amefungwa kwa sababu mteja wake alitaja magari ya askari aliyopishana nayo. Mtu alirudi akichechemea; mashine haikurudi. Tangu hapo Paulin wa bureau ya usalama, mtu mpole mwenye koti la ngozi, alikuja kila siku kuketi mwisho wa benchi la Luc, akinywa chai na kusikiliza. Hakuna aliyemwuliza anamsikilizia nani.

Sauti iliyokosekana ilikuwa ya Abigaïl, mke wa Luc.

Msimu wa kupanda maharagwe, Abigaïl alimwambia kwamba mama yake, Mama Rébecca, amebaki peke yake Kirumba na macho yake yanafifia. Akaomba wahamie huko. Foni, alisema, inafungwa popote penye miti miwili mirefu. Luc alikataa. Kwao mwanamume halali ukweni. Angeweza kulisema hilo taratibu, wawili peke yao, jikoni. Alilisema uani, mbele ya kaka zake, kidole juu.

"Mwanaume wa Butembo hapana lala kwa bakwe yake kama kuku ya kununuliwa!"

Kaka zake wakacheka. Ariel, mkubwa wao, akapiga makofi. Kicheko kile kilimpanda Luc kichwani kama kasiksi, pombe ya ndizi, iliyolala, akaongeza neno ambalo hakuna aliyemwomba:

"Na akienda, mi sitamuita. Akitaka sauti yangu, aje aitafute."

Abigaïl hakubishana. Alifunga vitu vyake katika kitenge, akapanda lori la viazi linalorudi tupu, akaketi na uso wake kuelekea kusini. Luc alibaki amesimama juu ya neno lake. Na mtu akisimama juu ya neno lake mbele ya watu, kushuka kunakuwa kugumu. Kila siku inayopita, neno linakuwa refu zaidi.

Basi akawaita wake wa watu wengine. Alimwitia fundi mkewe, mfanyabiashara mchumba wake, mchungaji wa mtaa shemasi wake, na kila alipofungua Kirumba, Zorobabel alimchokoza.

"Butembo, nakupata cinq sur cinq! Mais Luc, bibi yako amepita hapa sasa hivi na kikapu ya viazi. Nimuite? À toi."

"Niitie Mama Syauswa. Mutoto yake iko hapa anangoja. À toi."

"Wewe iko mugumu kama fufu ya jana, ndugu yangu. À toi."

Benchi likacheka. Luc hakucheka. Jioni alifunga mlango, akapanda mtaa wake katika ule ukungu wa Butembo unaoingia hadi ndani ya soksi, akasonga fufu ya mtu mmoja. Sufuria ilikuwa kubwa kwa fufu ya mtu mmoja. Aliisonga pembeni, kama mtu anayelima kona ya shamba la mwenzake.

Mara moja tu, nyuma ya sauti ya Zorobabel, alisikia mwanamke akicheka. Cheko lile linaanza chini, linakatika, halafu linaanza upya kama pikipiki asubuhi ya baridi. Alikaa ameshika mikro bila kubonyeza kitu, mpaka mteja akamgusa bega.

Mwezi wa kumi na mbili vita vilipanda kutoka Kanyabayonga. Watu wa jeshi moja waligawanyika na kupigana wao kwa wao, na walipochoka kupigana walivunja milango ya raia. Kirumba ikanyamaza. Luc aliita asubuhi, akaita mchana, akapata mvumo tu. Wateja walikuja, wakasikiliza ule mvumo, wakaondoka bila kuuliza.

Kisha siku moja mvumo ukapasuka, akatokea Zorobabel.

"Butembo, Butembo! Mi iko huku mulimani. Nimesukuma mashine na betri kwa chukudu mpaka magoti yamelia." Chukudu ni ile baiskeli ya mbao wanayobebea mizigo; kuiteremsha ni mchezo, kuipandisha ni adhabu. "Tuko bengi huku juu, tunalala chini ya majani. Na yeye pia iko huku, na mama yake. Sikukuuliza kama unataka kujua. Nakuambia tu. À toi."

Luc alibonyeza kitufe. Benchi zima lilimtazama mdomo.

"Bien reçu," akasema, yaani ujumbe umefika. Akaachia kitufe.

Noeli ikapita hivyo.

Siku ya pili baada ya Noeli, asubuhi, Luc alikuwa akiosha sahani yake huku redio ndogo ya betri ikisema dirishani. Ilikuwa idhaa ya Kiswahili ya ng'ambo. Mtangazaji alisema bahari imeua watu upande wa Asia, wengi hata hesabu yao haijulikani, na maji yaleyale yamevuka hadi pwani ya Somalia. Alilitaja jina la jambo hilo: tsunami. Luc akafunga bomba.

Bahari hakuwahi kuiona. Maji makubwa aliyoyajua ni ziwa la Kyavinyonge, alikopelekwa utotoni, akaogopa. Lakini mtaalamu aliyehojiwa alieleza vizuri, na Luc, aliyeishi ukuta kwa ukuta na mafundi, alilielewa jambo kwa njia yake. Chini ya bahari, alisema yule bwana, ardhi ni mapande makubwa, na pande moja linajiingiza chini ya jingine. Linakwama. Linalivuta la juu, linalipinda, miaka na miaka, na juu ya maji hakuna anayejua. Luc aliona springi ya lori iliyobebeshwa kupita kiasi. Siku moja pande la juu linafyatuka. Linapofyatuka linainua maji yote yaliyo juu yake, kutoka sakafu hadi usoni, na maji yale lazima yaende mahali. Huko kilindini yanakimbia kama ndege, lakini hayana urefu. Mvuvi aliye mbali na nchi kavu anainuliwa kidogo tu, wala hashtuki. Yakifika penye kina kifupi, ya mbele yanapunguza mwendo, ya nyuma bado yanakuja. Hilo Luc aliliona kabisa: malori kwenye tope la mvua, la kwanza limezama, madereva wa nyuma hawajui, wanasukumana, wanapandana. Ndivyo maji yanavyosimama.

Lakini kilichomshika Luc hakikuwa urefu wa maji. Mahali pengine, kabla ya kuja, bahari ilirudi nyuma. Iliondoka ufukweni kimya kimya, ikaacha mchanga wazi na samaki wakirukaruka, na watu wakashuka kuokota. Walicheka, wakaitana. Na baada ya wimbi la kwanza, waliopona wakarudi chini kutafuta ndugu zao na vitu vyao, kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha kwenda. Wimbi lililofuata likawakuta hapo. Mawimbi huwa ni mengi, alisema mtaalamu, na la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote.

Luc alikwenda kazini na sahani haijakauka.

Benchi lilikuwa limejaa. Paulin alikuwa na chai yake. Ariel naye alikuwa ameegemea mlango, amekuja kuulizia lori lake. Kabla Luc hajakaa vizuri, Zorobabel aliingia hewani na sauti ya sherehe.

"Butembo! Noeli yetu imechelewa mais imefika! Kule chini kimya. Tangu jana hakuna mulio hata moja. Ile… ile kelele imeondoka yote, imerudi kwa njia ilikuja. Barabara iko wazi. Na vitu, ndugu yangu! Magodoro iko inaanikwa mpaka sasa, masufuria, magunia ya mutu hapana jua, mbuzi inatembea sokoni bila mwenyewe. Batu banaanza kushuka na vikapu. À toi."

Benchi likapumua. Mtu akasema, "Mungu asifiwe." Luc peke yake aliisogelea mashine. Aliona magodoro yameanikwa. Mporaji anayehama haachi godoro juani. Hakuna aliyewafukuza wale wenye bunduki. Hakuna risasi iliyowasindikiza. Walikuwa wamevuta pumzi tu, nyuma ya kilima kimoja au viwili, na mji uliobaki wazi ulikuwa unarukaruka kama samaki.

Alibonyeza kitufe. Akatazama koti la ngozi. Akaachia kitufe. Akabonyeza tena.

"Zorobabel. Na yeye? À toi."

"Yeye nani? À toi."

"Unajua. À toi."

"Hewani hapana jua 'yeye', ndugu yangu. Taja jina. À toi."

Zorobabel alikuwa anacheka. Hakujua Luc anaogopa nini. Hewa ilikuwa wazi, kaka yake yuko mlangoni, benchi zima limeinua nyuso, na miezi yote ya ukimya ilimkalia Luc kifuani kama gunia la saruji.

"Abigaïl," akasema. "Niitie Abigaïl, bibi yangu. Kimbia. À toi."

"Eeeh!" akasema mama mmoja wa benchini, akaziba mdomo. Ariel alitazama viatu vyake.

Mvumo. Mvumo mrefu. Kisha mtu anahema karibu na mikro.

"Nakusikia." Akakumbuka. "À toi."

Luc alikuwa ameandaa maneno mazuri njiani, yakampotea yote. "Uko wapi? À toi."

"Nafunga kikapu. Nashuka. Mama ameacha mbegu ya maharagwe chini ya kitanda, yote ya msimu. Batu bengi banaenda. Sema haraka. À toi."

"Usiende bado. Nina habari nataka kukuambia. Ni ya bahari. À toi."

Sauti ikarudi imekolea chumvi. "Miezi yote hii, Luc Sikuli. Miezi yote, na leo unaniita mbele ya batu ili kunipa habari ya bahari? À toi."

Watu wakacheka, na upande wa pili pia kicheko kilisikika, kicheko cha mlima mzima.

"Nisikilize mpaka mwisho, kisha nitukane. À toi."

Akaeleza. Alieleza pande la ardhi lililokwama na kupindwa, alieleza malori kwenye tope. Alibonyeza kitufe hadi kidole kikawa cheupe. Alieleza jinsi maji yalivyorudi nyuma.

"Hakuna aliyeyafukuza. Yalirudi yenyewe, na yakaacha vitu wazi. Watu wakaona samaki, hawakujiuliza maji yameenda wapi. Maji hayaendi bila kwenda mahali, Abigaïl. Yalikuwa nyuma kidogo tu, yanajikusanya. Waliopona ni waliokuwa juu na wakabaki juu. Waliosema yamekwisha, wakashuka na vikapu, yamewachukua. Nasema habari ya Asia. Imetangazwa redioni. À toi."

Sasa hapakuwa na aliyecheka, wala huku wala kule. Paulin alikuwa ameshika kikombe katikati ya meza na mdomo.

"Na wale samaki," Abigaïl akasema polepole, "wale banarukaruka. Beko ba nani? À toi."

"Bado ni wa bahari. À toi."

"Na mbegu ya Mama, Luc? Bila mbegu tutapanda nini? Mwambie basi Mama kwa mudomo yako wewe…"

Sauti ikazama. Betri ya Zorobabel ilikuwa imekwisha. Ilijulikana kwa jinsi mvumo ulivyobaki mtupu, bila mtu ndani yake. Luc aliita. Aliita tena. Akaweka mikro chini, na hakujua kama amemwambia kitu mwenye kubaki au mwenye kushuka.

Paulin alisogea. Alisimama nyuma yake, karibu, akanukia ngozi na chai.

"Sikuli. Ile maji yako."

"Ni habari ya redio, chef. Hata wewe umeisikia."

"Nimeisikia." Paulin aliinama kama anayekagua waya. "Huko mulimani, foni inasikika na batu bote? Au ni ule anashika mikro tu?"

"Na wote."

"Dada yangu mudogo iko huko." Aliweka kikombe juu ya meza, taratibu, asifanye mlio. "Bon," akasema, akatoka, na siku hiyo hakurudi.

Wimbi la pili liliingia Kirumba mchana uleule. Butembo ililipata kwa miguu: kesho yake barabara ya kusini ilijaa watu, magodoro vichwani, kuku chini ya kwapa, wazee juu ya chukudu. Malori yalipita yamepakia watu juu ya mizigo hadi kwenye matawi ya miti. Luc alitaka kusimama barabarani na kutazama kila uso. Alitaka pia kukaa mezani, kwa maana kama Zorobabel angepata betri mahali fulani, angeita, na asiyejibu ni sawa na asiyekuwepo. Mtu mmoja hawezi kutazama barabara na ukuta. Akachagua ukuta, akaacha mlango wazi nyuma ya mgongo wake.

"Abigaïl, Abigaïl wa Kirumba, Butembo anaita. À toi."

Mchana aliingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akaomba maji. Jina lake Virginie, muuza maharagwe. Alikuwa mlimani pale pale. Alisimulia akiwa ametazama kikombe.

"Kulikuwa na bibi mumoja, alikuwa anasema kwa foni. Akaacha mikro, akaenda kusimama katikati ya njia, kikapu mbele yake. Anasema, maji yamerudi nyuma, musishuke. Tukamwambia, maji gani? Huku mulimani bahari inatoka wapi? Akasema, hakuna aliyewafukuza, mbona mnafikiri wameenda? Bamoja bakarudi. Bengi. Mi nilicheka. Bwana yangu alicheka sana, akamzunguka, akapita." Alifunga upya kitenge cha mtoto, ingawa hakikuwa kimelegea. "Mi nilibaki nyuma juu ya mutoto alikuwa analia. Njo sababu nilichelewa."

Kulikuwa na swali moja tu kinywani mwa Luc, na aliona aibu kumwuliza mjane wa jana. Akamwuliza.

"Na yule bibi?"

"Milio ilipoanza kila mutu alishika njia yake. Sikumuona tena. Wasingya kwa maji, tata," akashukuru.

Aliondoka. Luc akarudi ukutani.

Siku zile alimwita Abigaïl kama wanavyoita kanisani, bila kungoja kujibiwa. Wateja walinung'unika mwanzoni, kwa kuwa aliyakalia masafa. Baadaye waliacha zamu zao, wakaketi tu. Huko nyuma malori yalinguruma, yakapunguza mwendo kwa ajili ya pikipiki, yakaongeza. Jioni hakwenda nyumbani. Alilala kwenye benchi, akaamka na chapa za mbao shavuni, akaita. Jina lake, lililokuwa limemshinda kutamka miezi yote, sasa lilitoka lenyewe, na halikwenda popote. Lilipanda waya, likapita juu ya mikaratusi, likaanguka mahali pasipo na mtu. Alijaribu kuisikia akilini ile sauti ya mwisho, "kwa mudomo yako wewe", akaona imeanza kufanana na sauti yake mwenyewe.

Mwaka mpya ulipokwisha kupambazuka, foni iliita kutoka kaskazini, mahali ambapo hakupatazamia.

"Butembo, Butembo, Beni anaita." Halafu, bila mwenye mashine, sauti yenyewe. "Luc. Ni mimi. À toi."

Alishika meza. Benchi likainama mbele, na Ariel, aliyekuwa akiuliza habari za lori mlangoni, akaingia ndani.

"Uko Beni? Abigaïl, uko Beni? Ulipitia wapi? À toi."

"Njia ni moja, Luc. À toi."

Alielewa taratibu, kama mtu anayeshikwa na baridi kuanzia miguuni. Kutoka Kirumba hadi Beni hakuna njia isiyopita mbele ya mlango ule.

"Lori ilipunguza mwendo hapo kwako, juu ya pikipiki," akasema Abigaïl. "Mulango ilikuwa wazi. Niliona mugongo yako. Nilikusikia unaniita, na kwa mudomo, siyo kwa mashine. Nilikuwa karibu kama kutoka kitanda mpaka jiko. À toi."

"Na hukushuka? À toi."

"Mama alikuwa na mimi juu ya mizigo. Nikamwambia, Mama, ni hapa. Akasema, mama mukwe hapana lala kwa mukwe yake. Ningemujibu nini? Ni ileile desturi, Luc. Wewe ulisimama upande moja, yeye amesimama upande ingine. Mi sikuwa na nguvu ya kuzivuta zote mbili. Nikafunika kichwa na kitenge, lori ikaondoka. À toi."

Mvumo. Katika mvumo ule Luc aliusikia mlango wake mwenyewe, na lori, na mgongo wake usiogeuka.

"Ulibaki juu," akasema hatimaye. Halikuwa swali.

"Nilibaki. Mbegu imeenda yote. Mama iko muzima. Tuko kwa Tamar." Tamar alikuwa dada yake, mshonaji wa Beni. "À toi."

"Nije? À toi."

Abigaïl aliporudi hewani, sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilimuuma Luc zaidi.

"Ulinifundisha wewe. Ulisema bale banakimbia kushuka mapema, wimbi ingine inabakuta chini. Mi iko bado juu, Luc. Usiniharakishe. Na nyumba ya Tamar ni chumba moja, na Mama iko ndani. Utalala wapi, mwanaume wa Butembo? À toi."

Maneno yaleyale ya uani yalikuwa yamerudi, na wote waliyajua. Benchi lilikuwa na nafasi ya kucheka na halikucheka. Luc aligeuza shingo, akamtazama kaka yake. Ariel akatoka nje kutazama barabara.

Luc alibonyeza kitufe. Kidole kilikuwa kimekauka na kupasuka kwa siku zote zile, kikamwuma.

"Nitalala nje. Chini ya dirisha, kwenye karakana ya jirani, sijui. Nje. Abigaïl, kwa Tamar kuna miti miwili mirefu ya kufungia foni? À toi."

Akaachia. Mvumo ukajaa chumba, mpana, bila ukingo, na yeye akainamisha kichwa kuelekea ukuta, akasikiliza.